Mwalimu, huku kila kitu ni "get"

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Muheza. Tangu mwaka jana niko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kidato cha nne nilipata B ya Kiingereza, na mtihani wa lugha wa kuja huku niliufaulu bila kuurudia. Sijisifu. Nataka tu ujue kwamba ninachokulilia si kutojua Kiingereza. Ni neno moja, tena dogo: "get".

Shuleni mwalimu wetu alikuwa akilikata kwa wino mwekundu. Ukiandika "I got a letter" anakata, anaweka "received". Ukiandika "I got tired" anakata, anaweka "became". Alituambia ni neno la wavivu, nami nikaliacha kabisa. Sasa nimefika kwa wenye lugha, naona kama hawana neno jingine. Zamu nzima ya asubuhi ni get hiki, get kile.

Siku zangu za mwanzo nilimuuliza mwenzangu hali ya mzee mmoja aliyekuwa akiumwa kifua. Akanijibu, "Getting there." Nikaelewa kwamba mzee yuko njiani, amepelekwa hospitali. Nikaanza kutandua kitanda chake. Kumbe mzee yuko chooni, na maana yake ni kwamba anapata nafuu! Walicheka mpaka zamu ikaisha, na hadi leo wapo wanaonitania kwa maneno hayohayo.

Hilo la kuchekwa nimelizoea. Lililoniuma ni hili. Msimamizi aliniambia kuhusu bibi mmoja, "See if you can get her to eat." Nikashika kijiko, nikaanza kumlisha. Bibi akageuza uso, mimi nikaendelea. Msimamizi akanivuta pembeni na kuniambia kwa ukali kwamba hakunituma nimlishe kwa nguvu. Mwalimu, mimi sina ukatili, nyumbani nimemuuguza bibi yangu mwenyewe. Nilidhani nimetii nilichoambiwa.

Tena simu ikilia mtu anasema "I'll get it", mlango ukigongwa "I'll get it", asiyeelewa mzaha "I don't get it". Dada yangu aliyeko Houston anasema "gotten", lakini nikilisema huku wananitazama. Je, mwalimu wetu alitudanganya? Nitazijuaje maana zote hizi? Na kuna kozi ya mtandaoni ya Kiingereza cha mazungumzo, ada yake si haba. Nilipe?

Wako mwanao,
Mtunza Wazee, Yorkshire

*

Marahaba, mwanangu, na pole na kazi.

Nianze na bibi na kijiko, maana hayo ya vicheko yatapoa yenyewe. Wewe ulisikia "get" na "eat", ukaunganisha, ukapata "kumlisha". Kilichokuponyoka ni kile kidogo cha katikati, "to". Kwenye "get her to eat" kuna mtu, kisha "to", kisha kitenzi, na ukiona mpangilio huo ujue kwamba anayetenda ni huyo mtu, si wewe. Anayekula ni bibi. Kazi yako ni kumbembeleza, kumpigisha stori, kumwekea chakula anachokipenda, mpaka mwenyewe akubali kufungua kinywa. Msimamizi wako angetaka alazimishwe angesema "make her eat", na hapo, angalia, "to" haipo. Angetaka umlishe angesema "feed her". Kiswahili kina vitenzi vyake kwa hayo yote, na mtu wa Muheza hawezi kuchanganya "mbembeleze ale" na "mlazimishe ale". Katika Kiingereza tofauti hiyo imebebwa na silabi moja inayotamkwa haraka kiasi kwamba wakati mwingine husikii ila mlio wa "ta".

Sasa msikilize msimamizi huyohuyo, asubuhi hiyohiyo: "Get her washed, get her dressed." Hapa hakuna "to". Kuna mtu au kitu, halafu kitenzi katika umbo la kutendwa. Maana imegeuka: anachotaka ni matokeo, kwamba saa ya chai ikifika bibi awe ameshaoga na kuvaa, na wa kuhakikisha hilo ni wewe. (Adabu ya kumwomba ruhusa kabla ya kumgusa iko palepale, ila haimo ndani ya sarufi ya sentensi.) Ndivyo ilivyo hata mtendaji akiwa mwingine kabisa. "I must get my hair cut" hasemi mtu anayetaka kushika mkasi mwenyewe. Anakwenda kunyolewa. "I got the car fixed", fundi ndiye aliyechafuka mikono.

Mpangilio huohuo una upande wa msiba. "She got her bag stolen." Hakuna aliyeagiza mkoba wake uibwe. Sisi tunasema "aliibiwa mkoba", mtu mbele, mkoba nyuma, kitenzi katika kauli ya kutendwa, na Mzungu anayejifunza Kiswahili huishangaa sentensi hiyo kama wewe unavyoishangaa yake.

Unaona ninakokupeleka. Umeniuliza utazijuaje maana zote. Hutazijua kwa kukariri, kwa sababu kamusi kubwa zinalipa neno hili maana makumi kwa makumi, na ukimaliza kuzisoma utakuwa umesahau za mwanzo. Acha kujiuliza "get" maana yake nini, jiulize nyuma yake kimekuja nini. Neno lenyewe ni jepesi mno. Uzito unatoka kwa jirani yake wa kulia.

Akija jirani ambaye ni nomino, maana ni kupata au binamu zake: kupokea, kununua, kuleta, kufuata. "Get a letter", umepokea. "Get some milk", kanunue au kalete, kutegemea mmesimama wapi. "Get the nurse", kamwite muuguzi, tena upesi. Hiyo "I'll get it" ya simu na mlango ni ya ukoo huu, na maana yake ni "niachie mimi". Mkitoka kwenda kunywa chai na mwenzako akasema "I'll get this", usinyooshe mkono kana kwamba anataka kupewa kitu. Anasema atalipa. Sema asante, safari nyingine ulipe wewe. Na "I don't get it" isikutishe hata kidogo, maana sisi tunalo vilevile. Mtu akieleza jambo refu huuliza, "Umenipata?" Nawe hujibu, "Nimekupata." Hakuna aliyeshikwa wala aliyepotea.

Akija jirani ambaye ni mahali, maana ni kufika. "Get home", "get to the shop". Hapo ndipo ilipozaliwa "getting there" iliyokutandulisha kitanda. Sikio lako halikukosea kabisa. Neno ni la safari kweli, ila safari yenyewe ni ya kupona: hajafika, lakini yuko njiani. Fikiri jinsi tunavyoulizana Muheza, "Mgonjwa anaendeleaje?" "Anaendelea vizuri." Kuendelea nako ni kwenda, na hakuna aliyewahi kuuliza anaendelea kwenda wapi. Hao wanaokutania, siku moja wakikuuliza Kiingereza chako kinaendeleaje, wajibu wewe kwa hilohilo.

Akija kivumishi, hapo Mswahili hutafuta neno la kutafsiria "get" akalikosa, kwa sababu kwetu limezama ndani ya kitenzi. "Get tired" ni kuchoka, "get old" kuzeeka, "get wet" kulowa, "get better" kupata nafuu. Kazi yake ni kuonyesha hali inabadilika. Na kwa kazi unayofanya, mwanangu, hapa pana jambo zaidi ya sarufi. "He is confused" na "he's getting confused" si taarifa moja. Ya kwanza inaweza kuwa hali ya mzee huyo ya siku zote, inayojulikana na kila mtu. Ya pili inasema kuna mabadiliko yanayotokea sasa. Mzee kuchanganyikiwa ghafla huweza kuwa dalili ya maambukizi mwilini, na wauguzi wanataka kuambiwa mapema. Ukisikia "getting" mbele ya kivumishi wakati wa kukabidhiana zamu, inua kichwa.

Nipite haraka kwenye "get married", nikicheka kidogo. Sisi mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na ukivichanganya watu watakukazia macho. Kiingereza kimewaweka wote wawili kwenye "got married" wakaridhika.

Kuna "got" nyingine iliyokaa mahali pa "was": "I got paid", "he got bitten", "she got sacked". Hii ni kauli ya kutendwa ya mazungumzo. Huelekea zaidi kwenye mambo yanayomfika mtu, yakamfurahisha au yakamuumiza, na ndiyo maana utaisikia sana kwenye umbea na malalamiko. Ina faida moja ambayo hata walimu wengi hawaitaji. "The door was locked" ina maana mbili: mlango ulikuwa umefungwa, nimeukuta hivyo, au mlango ulifungwa, kuna mtu alikuja akaufunga. Kiswahili hutenganisha mawili hayo bila taabu. Kiingereza kikitaka kutenganisha kinasema "the door got locked", na hapo unajua ni tukio, kuna mtu aliyezungusha ufunguo.

Halafu ile ya "get to" yenye kitenzi nyuma yake, ambayo hukuitaja lakini itakukuta. "You'll get to meet her son" maana yake utapata kuonana na mwanawe, itakuwa bahati au nafasi. Tena Kiswahili kinalo hili kwa umbo lilelile: "sikupata kumwona", "nilipata kufika Pemba". Mtego wake ni kwamba "work" ni nomino na ni kitenzi. "I get to work at seven", nafika kazini saa moja asubuhi. "I get to work with children", nimebahatika kufanya kazi na watoto. Jirani ni yuleyule kwa sura, ila cha kukuongoza ni kilichomfuata yeye: saa, au watu. Anayekuambia Kiingereza ni lugha rahisi mwonyeshe sentensi hizo mbili.

Dada yako wa Houston hajakosea, na wala wewe hujakosea, mnaishi katika nchi mbili tu. "I've got a car" huko kwako na kwake pia ni "nina gari". Hapo "got" si ya wakati uliopita hata kama imevaa nguo zake. "I've got to go" ni "lazima niende". Ila Mmarekani anayetaka kusema "nimepata gari", yaani kitendo cha kulipata, husema "I've gotten a car", na hivyo ana njia ya kutofautisha kuwa nalo na kulipata. Mwingereza wa siku hizi kwa kawaida hutumia "got" kwa yote mawili. Wanaokutazama wangeshangaa kujua kwamba "gotten" ilisemwa Uingereza kabla ya kuvuka bahari, ikafifia kwao, ikabaki Marekani. Mabaki yake wanayo mdomoni kila siku katika "forgotten". Hata hivyo usibishane nao kazini. Sema "got" ukiwa Yorkshire, "gotten" mwachie dada.

Nimekuja kwa mwalimu wako. Hakuwadanganya, ingawa hilo la "neno la wavivu" silikubali. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wanakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mtoto wa namna hiyo ukimwachia "get" ataitumia kwa kila kitu, na miaka minne itapita hajui "receive", "become", "arrive" wala "understand". Mwalimu alikata ili ulazimike kutafuta maneno mengine, na umeyapata. Nami nimekata "get" nyingi katika maisha yangu ya ualimu, na leo mkinirudisha darasani nitazikata tena kwenye insha. Kosa ni kumwachia mwanafunzi aamini kwamba neno lenyewe ni chafu.

Chafu vipi, na hapo ulipo ni karibu na nyumbani kwake? "Get" ililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia, wale Waviking. Waliuteka mji wa York mwaka 866, wakauita Jórvík, wakalowea huko kaskazini na mashariki mwa nchi, wakalima, wakaoana na wenyeji. Neno lao lilikuwa "geta". Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake, lakini hakupenda kutembea peke yake, alijibanza ndani ya maneno kama "forget". "Receive" na "obtain" zilikuja baadaye, na Kifaransa cha watawala walioingia mwaka 1066. Kwa hiyo mpishi wa hapo kwenu anayesema "get" anatumia neno lililotangulia kufika Yorkshire kuliko lile la wino mwekundu.

Je, na wewe uanze kulisema? Ndiyo, liseme. Mtu anayesema "I became tired and obtained a cup of tea" anaeleweka, lakini anasikika kama barua ya halmashauri, na wazee unaowahudumia watakuona mgeni zaidi ya ulivyo. Kinywani liruhusu. Kwenye daftari la kumbukumbu za wazee, mkumbuke mwalimu wako. Ukiandika "he got his tablets", anayesoma usiku hajui kama alipewa tu au alizimeza. Andika "he took his tablets" ukimwona amezimeza, au "he refused his tablets" kama alikataa. "She got washed" haisemi kama aliosha mwili mwenyewe au wewe ndiye uliyemwogesha, na kwa mtu anayefuatilia kama nguvu za bibi zinapungua, hilo ndilo alilolitaka. Sizungumzii uzuri wa lugha hapa. "Get" humficha mtendaji, na taarifa ya mgonjwa haitakiwi kumficha mtu.

Vile viambatisho vidogo, "up", "off", "over", "on", "through", siwezi kuvimaliza na sitajaribu. Anza na vya wodini: "get up" kuamka au kusimama, "get over" kupona au kusahau jambo lililokuumiza, "get through" kumpata mtu kwenye simu au kuvuka kipindi kigumu. Cha kuchunga ni "get on". "How are you getting on?" anakujulia hali. "We get on" tunapatana. Lakini "she's getting on a bit" maana yake umri umeenda, na hiyo usiitamke mbele ya bibi mwenyewe.

Kuhusu kozi, kaa na fedha yako kwanza, au itume Muheza. Unayoitafuta inazungumzwa bure masikioni mwako kila zamu. Chukua kijitabu kidogo, ukisikia "get" iliyokushinda andika sentensi nzima kama ilivyosemwa, pamoja na mahali iliposemewa, kisha jioni tazama jirani yake ni nani. Usiandike neno peke yake, halitakusaidia. Ukiona mwezi umepita na bado umekwama, niandikie tena kabla hujalipa, na uniletee hizo sentensi.

Kazini usisubiri jioni. Agizo likihusu mwili wa mtu, chakula, dawa au kunyanyuliwa kitandani, na huna uhakika, lirudishe kwa maneno mengine papo hapo: "So you want me to encourage her, not feed her?" Msimamizi mwenye akili hatacheka. Na kama hujafanya hivyo bado, nenda kamweleze yule aliyekuvuta pembeni kwamba ulielewa agizo kwa namna nyingine, mwambie ulivyoelewa. Anapaswa kujua, kwa sababu bila shaka ana wafanyakazi wengine waliotoka mbali, na kesho atawaambia maneno yaleyale.

Wako,
Mwalimu Mstaafu